Daftari Tupu la Michezo

Basi la mwendokasi lilikuwa limeshaondoka Gerezani pale mwalimu Evarista alipomwonyesha barua jirani yake wa kiti, nami nimesimama kando yao. Mkaguzi alimtaka ajieleze kwa nini madaftari ya michezo ya wanafunzi wake hayana hata mstari mmoja.

"Si ungewaandikia tu ubaoni wakanakili?" alisema yule jirani, Hind, muuza vitenge wa Kariakoo ninayenunua kwake. "Mwanangu Shadya kaandika malengo yote sita ya michezo, kapata mia kwa mia."

"Anaruka kamba, mama Shadya?"

"Hiyo haimo kwenye mtihani."

"Nimekuuliza, anaruka?"

Hind alitazama dirishani. "Tunakaa ghorofa ya tatu. Anapumzika mara mbili njiani."

"Basi malengo anayajua. Kakosa pumzi tu."

Mimi shule niliokoteza, darasa huku, darasa kule, lakini kukimbia nilifundishwa. Ila hakuna aliyeniuliza.

"Watakuhamisha, dada. Unaenda kuwaambia nini?"

"Kwamba watoto walikuwa uwanjani. Waje wawapime pumzi, waache kupima wino. Na barua ya pili nitaijibu hivyohivyo."

"Una kichwa kigumu, wewe."

"Na miguu pia."

Basi likasimama Magomeni, Evarista akashuka na barua yake. Miezi miwili baadaye Hind aliniambia dukani kwake kuwa mwalimu yule alihamishwa, na huko nako madaftari ya michezo ni matupu. Shadya ni wa kwanza darasani, na bado anapumzika ngazini. Mimi siku hizi basi naliacha, natembea.