Mzee Taa na Bi Mkubwa Wake wa Kijani

Ndugu msomaji, kabla hujafika mstari wa pili, nakusihi: usiyasome haya kwa sauti, usiyaache juu ya meza, na usimwonyeshe Meneja hata akikuuliza unacheka nini. Wasifu utakaochapishwa kwenye ratiba ya sherehe umekatwa nusu. Huu mzima ni wetu sisi tunaoingilia mlango wa nyuma. Ukivuja kabla ya kesho jioni, tutamuaga mzee wetu mikono mitupu.

Sasa niandike kama ilivyo desturi.

Kesho, Ijumaa tarehe 28 Juni, mwendesha mashine wa jumba letu la sinema anastaafu baada ya miaka arobaini na mmoja ya utumishi. Sote tunamwita Mzee Taa. Jina hilo alipewa na watazamaji. Zamani filamu ilipokatika, ukumbi mzima ulipiga miluzi na kelele za "Mzee, taa!" Naye aliwasha taa, akaiunga filamu, kisha akachungulia kwenye tundu la ukuta na kuwajibu, "Haya, nyamazeni, mapenzi yanaendelea."

Hakuanzia kwenye mashine. Alianza kama dereva wa mikebe, kazi ambayo sisi tuliozaliwa juzi hatuijui. Kampuni ilikuwa na majumba mawili, hili letu na lile la upande wa pili wa mji, lakini filamu ilikuwa moja, nayo ilijaa mikebe sita ya bati, kila mmoja na mkanda wake. Sisi tulianza mapema. Mkebe wa kwanza ulipokwisha, uliteremshwa ngazi mbio, ukapakiwa garini na kupelekwa kule, huku wa pili ukiendelea kuzunguka hapa. Gari likichelewa, watu wa kule walibaki wakitazama ukuta mweupe, na mtu aliyelipa hatazami ukuta muda mrefu kabla hajaanza kung'oa viti.

Gari lenyewe ndilo lile Morris Minor la kijani lililo bandani. Lina mgongo wa kobe, na badala ya taa za kukatia kona lina vimkono viwili vinavyochomoza ubavuni, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka. Watu wa mtaani walikuwa wakikiona kimkono kimechomoza kwenye kona ya duka la viatu, wanajua filamu imefika patamu. Mzee Taa aliliita Bi Mkubwa. Mkewe, aliyeolewa baada ya gari kununuliwa, hakununa. Hadi leo husema, "Mke mwenzangu sina ugomvi naye. Halali ndani, na zamu yake ni mchana."

Kosa lake linalosimuliwa zaidi ni la Jumapili ya pancha. Gurudumu lilimchelewesha, akalazimika kubeba mikebe miwili ya mwisho kwa pamoja, na kwa haraka akakabidhi wa sita kabla ya wa tano. Kule jambazi akauawa, akazikwa, mjane wake akaolewa. Halafu jambazi yuleyule akaingia mlangoni mzimamzima na kuagiza chai. Ukumbi ulisimama kushangilia. Wiki nzima watu walikwenda kule kuitafuta "ile ya kufufuka," na wateja wetu wakalalamika kwamba sisi tumewapunja. Tangu siku hiyo hakabidhi mkebe bila kupitisha dole gumba juu ya namba iliyogongwa kwenye kifuniko. Hata akikupa kikombe cha chai, dole gumba hupita kwanza kwenye kitako.

Baadaye alipanda kwenye mashine, na huko ndiko alikozeekea. Msimu mmoja paa lilipovuja, aliishikia mashine mwavuli tangu mkebe wa kwanza hadi wa mwisho, yeye mwenyewe akilowa, na hakuna mtazamaji aliyejua kama nje kuna mvua.

Mwezi uliopita tuliambiwa kwamba ukumbi utageuzwa ghala na banda litabomolewa. Lori la vyuma chakavu litakuja Jumamosi asubuhi kumchukua Bi Mkubwa. Mzee Taa alilifuta gari vumbi, akalifunika kwa kipande cha pazia jekundu la ukumbini, akarudi kazini. Shangazi wa tiketi alilia. Nami, karani mgeni ambaye bado yuko kwenye majaribio, nikajikuta mbele ya meza ya Meneja nikiuliza kama gari lile haliwezi kuwa zawadi ya mzee.

Meneja alicheka mpaka akavua miwani. "Lile? Likitoka getini kwa miguu yake kabla ya Jumamosi, mpeni! Mpeni na geti!"

Shangazi na mfagizi walisikia. Lakini neno la mkubwa lililosemwa kwa kicheko hurudishwa mdomoni kabla halijapoa. Gari bovu ni chuma tu; gari zima lina wateja, na wapenzi wa magari ya Kiingereza ya zamani ni wengi kuliko tunavyodhani. Akijua linawaka, hatutaliona tena. Mzee naye hatukumwambia, maana kumpa mtu tumaini kisha kumpokonya ni vibaya kuliko kumnyima.

Mtoto wa kaka yake Shangazi ni fundi wa magari. Amekuwa akija kwa mlango wa nyuma wakati wa chakula cha mchana, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi na kumwaga petroli iliyochacha. Betri aliyoleta ina nguvu ya kutoa cheche tu; haiwezi kuzungusha injini. Ilihitajika hendeli, kile chuma kilichopinda cha kuwashia kwa mkono. Tulipekua banda zima bila kuiona. Mfagizi ndiye aliyekumbuka: hendeli ndiyo komeo la chumba cha mashine! Mzee huipitisha kwenye pete mbili za mlango kila filamu inapoanza, asisumbuliwe.

Leo mchana Shangazi alimwita mzee ashuke kujaribu koti la sherehe, nami nikapanda ngazi kwenda kuichomoa. Mlangoni hendeli haikuwepo. Ilikuwa mezani, imepakwa mafuta, imelazwa juu ya kitambaa safi. Nilipogeuka, mzee alikuwa amesimama nyuma yangu, koti limeingia mkono mmoja.

"Mwanangu," akasema, "ukizungusha hiyo, dole gumba lisiikumbatie. Liweke upande mmoja na wenzake. Injini ikirudisha teke, itakuvunja mkono."

Nikafungua mdomo. Akanikatiza. "Mimi sijui lolote. Ni pua tu, inanusa petroli siku ya tatu hii. Nenda zako, nataka kujaribu spika."

Nikashuka nayo bandani. Fundi aliizungusha mara ya kwanza: kimya. Mara ya pili Bi Mkubwa akapiga chafya. Mara ya tatu akanguruma mpaka mabati yakatikisika, na dirisha la Meneja liko juu ya banda hilohilo. Ghafla ukumbini ukalipuka mngurumo mkubwa zaidi. Mzee alikuwa ameweka filamu ya mashindano ya magari na kufungulia spika zote.

Meneja akatoa kichwa dirishani. "Mwambieni huyo mzee apunguze! Magari gani hayo?"

"Ya kwenye filamu, bosi!" mfagizi akajibu.

Kichwa kikarudi ndani.

Kesho, Meneja akianza hotuba yake, geti litafunguliwa na Bi Mkubwa ataletwa mbele ya mlango akiwa anaunguruma. Mzee ataombwa alitoe gari getini mwenyewe, mbele ya wageni wote, mahali ambapo neno haliwezi kurudishwa mdomoni. Atashangaa sana. Nanyi mshangae naye. Amejizoeza, nimemwona kwenye kioo cha ngazini.

Mzee Taa, asante kwa kutuangazia miaka yote hiyo wewe ukiwa umekaa gizani. Tunakuombea ustaafu wenye barabara laini, tangi lililojaa na mikebe iliyopangana sawasawa.

Tunahitaji mtu mmoja wa kushika geti lisirudi na upepo, na mwingine wa kumweka Meneja jukwaani kwa maswali marefu. Aliye tayari asipige simu ya ofisi wala asitaje jina langu. Aje kesho kabla ya saa nane mchana kwenye dirisha la pili la tiketi, lenye kioo kilichopasuka, agonge mara mbili na kuomba tiketi ya balkoni. Balkoni imefungwa tangu nikiwa shule ya msingi. Nitajua ni mwenzetu.