Mama Droo na Mbawakawa Wawili wa Mbugani

Marehemu dada yetu, tuliyemwita Mama Droo, alizaliwa tarehe 14 Juni 1956, kifungua mimba wa baba seremala na mama mshonaji. Masomo aliishia darasa la saba, mwaka 1971, mama alipougua na wadogo zake watano tukahitaji mlezi. Mimi ninayewasomea ndiye niliyekuwa mgongoni mwake.

Mwaka 1978 aliajiriwa kufagia ofisi ya utafiti wa wadudu. Miaka mitatu baadaye alikabidhiwa droo za mbawakawa waliokaushwa wa mbugani, na hapo akagundua kuwa wale weusi wanaokula mavi ya ng'ombe, walioandikwa jina moja, ni aina mbili. Mmoja ana meno matatu kwenye mguu wa mbele, naye huviringisha donge lake akaenda nalo mbali. Mwenzake ana manne, na huchimba papo hapo chini ya kinyesi. Akawatenga, kila aina na droo yake. Mkuu wake alimwambia, "Mama, mdudu ni mdudu. Wewe futa vumbi."

Mwaka 1983 aliolewa na fundi viatu. Shemeji husimulia kwamba siku ya kwanza kutembea pamoja, dada alipiga magoti majanini ghafla. Akadhani hereni imeanguka, naye akapiga magoti. Wakahesabu meno.

Mwaka 2009, dada akiwa likizo, mkuu aliagiza droo zile mbili zichanganywe ili mafaili yapate nafasi. Wadudu 2,316. Dada alirudi, akakaa mbele ya droo mpaka saa ya kutoka. Kesho yake akaanza upya, mmoja mmoja, kwa lenzi ya mkononi. Presha ya macho ilipomzidi, binti yake akawa anamhesabia.

"Meno mangapi?"

"Matatu, mama."

"Hesabu tena. Usinifurahishe."

Walimaliza mwaka 2015. Mwaka uliofuata akastaafu. Mwaka 2018 ofisi ilichapisha kitabu kilichokiri kuwa mbawakawa wale ni aina mbili. Jina la mgunduzi lilikuwa la mkuu yule yule. Binti alipomsomea, dada aliuliza tu kama idadi ya meno imeandikwa sawasawa. Ilikuwa sawasawa. "Basi," akasema. Sisi nduguze tuliiandikia ofisi barua tatu kudai jina lake liwekwe. Hadi leo kimya.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alifariki nyumbani, Jumatano tarehe 8 Mei 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, binti mmoja, wajukuu wawili na sisi wadogo zake watano. Yeye alisamehe. Sisi bado tunajitahidi.

Pumzika kwa amani, dada. Barua ya nne tutaipeleka kwa mkono.