Mapigo Manne Yaliyoachwa Wazi

Usiku wa tarehe 9 Juni 1991 ilisikika sauti moja tu katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu, kilio kifupi cha mtoto, kisha kimya, na mama yetu, fundi cherehani, alipouliza kama mtoto amekufa, mkunga alimzaba kichanga kofi la pili na kusema, "Hajafa huyu, anasubiri mdundo." Ndivyo alivyozaliwa kaka yangu tunayemzika leo, mtoto wa kwanza kati ya watatu, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, nami mdogo wake wa mwisho nimepewa na familia kazi ya kuisoma historia yake, na yeye mwenyewe aliniagiza nisiipake rangi.

Alianza shule ya msingi Januari 1998, akamaliza mwaka 2004, akaingia sekondari, akafukuzwa kidato cha pili baada ya kumvunja mwenzake meno mawili kwa kiti, na walimu waliozoea kumsifu kwa ngonjera walisema ana mdomo wa dhahabu na mikono ya shetani. Mwaka 2008 mjomba alimchukua kwenye karakana yake ya kuchomelea vyuma, ikawa kazi yake hadi mwisho, na wengi wenu mnalala salama nyuma ya mageti yake.

Tarehe 14 Machi 2012, saa tisa alasiri, ulipigwa ukelele wa mwizi nyuma ya karakana, na kaka alitoka na bomba la chuma ambalo ncha yake ilikuwa bado nyekundu. Kijana wa miaka kumi na tisa alikuwa ameiba makufuli mawili dukani, alikuwa ameshayatupa na kukaa chini, akisema, "Jamani, nimerudisha," na kaka alimpiga goti la kulia, kisha la kushoto, likasikika likivunjika, ndipo yakaja mawe ya wengine, na kijana akafia mtaroni mbele ya mlango wa kinyozi, uso ukiwa hautambuliki. Watu walirudi kazini. Siku ya tatu kaka alikwenda polisi peke yake, kwa miguu, akahukumiwa kifungo kwa kuua bila kukusudia, wenzake wa mawe hakuwataja, wala wao hawakujitaja.

Huko gerezani mwinjilisti wa wafungwa alimpa dumu tupu awapigie kwaya, naye kwa kuwa koo lake halikujua kupanda wala kushuka, alianza kughani juu ya mapigo yake mwenyewe, akiungama kimoja kimoja, bomba, goti, mtaro, na wafungwa waliozoea kusinzia kwenye mahubiri wakaamka. Alitoka Februari 2019, na kabla hajafika nyumbani alipita kwa mama muuza mkaa, mzazi wa yule kijana, kumwomba ruhusa ya kumtaja mwanawe katika wimbo, na mama akamrushia jiwe la mizani, likampasua juu ya jicho, akashonwa nyuzi sita. "Ulimtoa roho, sasa unataka na jina?" alimwambia. "Jina la mwanangu usilitie mdomoni mwako." Kaka alitii. Tangu siku hiyo, alipofika mahali pa jina hilo, ngoma iliendelea mapigo manne naye akafumba mdomo, vijana wakidhani ni mbwembwe, wakapiga miluzi.

Aprili mwaka huo aliomba kughani ibadani, na mwenyekiti wa baraza la wazee, mwalimu mstaafu, akamwambia, "Kijana, madhabahuni hatuleti damu za mitaroni." Kaka akajibu, "Mzee wangu, kila Jumapili tunaimba damu, ila ya zamani." Mzee alitoa kalamu nyekundu, akaishika karatasi ya wimbo, akakata bomba, akakata goti, akakata mtaro, na kilichobaki kilikuwa "Bwana ni mwema" mara tatu. "Hapo, mzee," kaka alisema, "umemwacha Bwana bila kazi." Mchungaji akaamua aghani nje, kila Jumamosi, kando ya tangi la maji, ili wote wasikie kama Mungu hutoka nje ya ukuta. Walikuja vijana wenye visu, wakaviacha kwenye ndoo ya rangi langoni, si wote, maana Jumamosi moja alivunjiwa chupa mdomoni, akatema damu na jino, akamaliza ubeti.

Tarehe 12 Desemba 2020 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, shemeji yetu, ambaye huwaambia watu kwamba aliusikiliza wimbo mara kumi na moja kabla ya kukubali, kwa sababu hakutaka kuolewa na kibwagizo, na tarehe 3 Machi 2022 walijaliwa binti.

Tarehe 6 Mei 2025 kundi la watu lilimzingira mzee mmoja muuza chupa tupu karibu na karakana, likidai ameiba betri ya pikipiki, na kaka, alipoona maneno hayasikiki, alimlalia yule mzee kwa mwili wake wote. Walimpiga kwa mawe na nondo mgongoni, mbavuni na kisogoni, na kati ya waliompiga wawili waliujua wimbo wake wote kwa moyo. Mwenyekiti wa baraza aliniuliza hospitalini, "Binti yangu, basi huduma hii imezaa nini?" Nilimjibu ninachojua, kwamba watatu waliweka mawe chini wakamvuta muuza chupa, naye yu hai, na leo amekaa hapa mstari wa nyuma. Figo za kaka zilishindwa, na alifariki Jumamosi tarehe 17 Mei, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku kumi na moja, majirani mliokesha nasi, mafundi wenzake mliochomelea msalaba wake, na mwenyekiti wa baraza, ambaye hadi asubuhi hii anasema kughani si ibada, na ndiye aliyemshikia kaka beseni alipotapika damu.

Leo mapema mama muuza mkaa aliingia jikoni kwetu, akakataa kiti, akaniambia, "Sijasema nimemsamehe, hilo usiandike. Lakini wangu alizikwa na watu sita, hakuna aliyemsomea hata mstari. Wewe unasoma leo, mwanangu. Msomee na wa kwangu, mbele ya hao hao waliokuwepo."

Kwa ruhusa yake nasoma. Kijana huyo alizaliwa tarehe 21 Agosti 1992, mtoto pekee, alisoma hadi darasa la sita, alimbebea mama yake magunia, alidaka mpira vizuri, aliogopa mbwa, aliiba, na alifariki tarehe 14 Machi 2012 kwa mkono wa kaka yangu na kwa mikono ya baadhi yenu mliokaa hapa mbele. Kaka, lala sasa, umenyamaza vya kutosha, na wewe uliyemtangulia, amani ikufikie hata kwa kuchelewa, Filemoni.