Simu ya Bibi Mektrida Haipokelewi

Gari la Uru lilikuwa ndiyo kwanza linatoka Kiboriloni simu ya Bibi Mektrida ilipoita ndani ya kikapu. Mikono yake yote miwili ilikuwa imemshika jogoo, basi Filbert, kijana aliyekaa jirani na kumwamkia vizuri, akawahi kuipokea. "Haloo." Aliyepiga akakata simu papo hapo.

"Nani kakutuma?" bibi akauliza.

"Nilikuwa nakusaidia, bibi."

Dainess, abiria wa kiti cha nyuma, akaacha kusinzia. Safari imepata maana. Bibi akaeleza kuwa wako bibi watano huko Uru, na kila siku wanabipiana kwa zamu, namba zote kichwani ili akili isilale. Ukibipiwa hupokei, unambipu anayefuata. "Mwanamume akipokea, tunajua mwenye simu amefariki na mwanawe ndiye kaishika."

"Basi wapigie, waambie upo," Filbert akashauri.

"Nani atapokea?"

Filbert akasema utaratibu huo una kasoro. Bibi akasema kasoro ni yeye. Walikuwa bado wanabishana gari liliposimama Uru. Kituoni wale bibi wenzake wanne walishajifunga kanga za msiba, wanafuta machozi.

Bibi Mektrida akamkumbatia jogoo wake. "Tangulia wewe kushuka," akamwambia Filbert. "Ukawaeleze nimekufaje."