Tamia Hali Uji

Mbele ya gereji ya matairi, katika mji mmoja mdogo wa Delta ya Mississippi, kuna kiti cha nyuma kilichong'olewa kwenye gari bovu, na hicho ndicho kijiwe. Kahawa ni ya bure. Mwenye gereji huichemsha saa kumi na mbili asubuhi, kali kiasi cha kung'oa kutu. Wenye kiti ni watatu. Yupo Shemasi, ambaye ni shemasi kweli, ila kanisa limeshamchoka. Yupo Daktari, aliyesukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini miaka kumi na mmoja akatoka na shahada aliyojipa mwenyewe. Na yupo Lemuel, aitwaye Chuma kwa ajili ya sufuria zito la chuma alilorithi kwa marehemu mkewe, ambamo hupika uji wa chenga za mahindi kwa dakika arobaini bila kubandua jicho. Uji wa Chuma ukimwagika barabarani, malori ya pamba yatafunga breki na madereva washuke kuulamba. Asiyeamini abaki hivyo hivyo. Mtu mmoja tu mji mzima amewahi kuukataa, naye ana miaka minne, tena ni mjukuu wake.

Ijumaa hiyo Chuma alifika uso umemshuka.

— Tamia hajala tena, alisema, akajimiminia kahawa. Siku ya tisa leo. Mwalimu wa darasa la watoto kanisani kaandika barua, eti ikifika saa nne mtoto kichwa kiko mezani, anakoroma. Binti yangu Denisha, mama yake, kaniambia, baba, leo ndiyo mwisho. Asipokula, kesho anarudi Chicago kwa yule bibi yake mwingine.

— Yule wa maboksi ya nafaka za rangi? aliuliza Shemasi.

— Huyo huyo. Dola sita boksi, ukifungua unakuta hewa na rangi. Mimi paketi ya chenga ya dola mbili inatuvusha wiki mbili. Mayai na maziwa tunapata kwa vocha za serikali za chakula cha watoto. Leo nimemwekea na yai juu, pembeni ndizi nimemkatia vipande. Gavana mwenyewe hajaamkia chakula kama hicho.

— Umetia sukari? aliuliza Daktari.

Watu waliwahi kununiana miezi mitatu kwenye kiti kile kwa swali dogo kuliko hilo.

— Daktari, usinitukane asubuhi yote hii. Chumvi na siagi. Mama yangu chumvi, mke wangu chumvi. Sukari kwenye chenga ni mambo ya waliohamia kaskazini wakasahau kwao.

— Basi umejijibu. Mtoto kazaliwa Chicago. Baridi ya kule inakaza utumbo, unakuwa mwembamba kama kamba ya kiatu. Uji mzito unapitia wapi? Nimeyaona haya kwa macho hospitalini.

— Uliyaona wapi wewe, ulikuwa unasukuma vitanda, alisema Shemasi.

— Vitanda vilikuwa na watu, Shemasi.

— Haya, acha utumbo. Tatizo ni yai. Kuku wa siku hizi hawalali, mabandani taa zinawaka mpaka alfajiri. Sasa kuku asiyelala atataga yai gani? Yai lenye uchovu. Ndiyo maana mtoto anasinzia darasani. Analala usingizi wa kuku.

— Lakini hilo yai hali, alisema Chuma.

— Analinusa. Uchovu unaingia kwa pua.

Chuma alikuna kidevu. Siku nyingine angemtimua Shemasi kwa maneno mpaka kwenye lango la kanisa, lakini leo aliliweka akilini, kwani mtu mwenye hofu hachagui dawa. Tangu mtoto yule aje, nyumba ilikuwa imepata tena kelele za kumwamsha mzee asubuhi.

Daktari aliona anapitwa, akasogea mbele ya kiti.

— Ninyi mnazunguka tu. Ni sufuria. Chuma kina sumaku, au hakina? Na damu ina chuma, au haina? Mtoto akikaribia uji uliopikwa kwenye sufuria lile, damu yote inavutwa mbele, kichwa kinabaki kitupu. Kichwa kitupu hakiwezi kutafuna.

— Mke wangu kalea watoto watano kwa sufuria hilo hilo.

— Na wangapi kati yao wanasinzia kanisani?

Shemasi, ambaye kazi yake ni kuwahesabu, alijibu bila kuulizwa.

— Watatu.

— Umeona sasa.

— Kwa hiyo nilitupe? aliuliza Chuma, taratibu, kama anayeulizia bei ya jeneza.

Nyuma yao alikuwa amesimama mama mmoja mwenye buti za mpira za kiwanda cha samaki, mgeni pale kijiweni, anasubiri tairi lake litolewe msumari. Alikuwa ameyasikia yote, kuanzia utumbo.

— Samahanini wazee wangu. Huyo mtoto anakula na nani?

— Na nani kivipi, dada? alisema Daktari. Anakula na kijiko.

— Mezani hapo. Anakaa na nani?

Daktari alimtazama Shemasi. Shemasi alitazama kahawa. Wote wawili wakamtazama Chuma.

— Mama yake anarudi zamu ya usiku, anakuwa amelala, alisema Chuma. Mimi namwekea bakuli, namfunga kitambaa shingoni, halafu...

— Halafu?

Chuma alikitazama kiti cha kijiwe alichokalia. Jibu lenyewe alikuwa amelikalia.

— Hilo ni swali la kitaalamu, alisema Daktari. Linataka vipimo.

Mama yule akaitwa, tairi lake tayari, akaenda zake.

Ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi, na basi dogo la kanisa hupita saa moja na nusu. Chuma aliweka kikombe chini, kahawa ingali inafuka moshi, jambo ambalo kijiwe hakikuwahi kuliona, akatembea nyumba nne hadi kwake.

Tamia alikuwa kwenye kiti, miguu inaning'inia, kitambaa shingoni. Uji ulikuwa umefanya utando juu. Chuma hakumbembeleza. Alitoa kijiko kwenye droo, akaketi mkabala naye, akautoboa uji pembeni na kuchota. Akala. Akachota tena, safari hii na kipande cha yai.

— Babu, alisema Tamia. Huo uji wangu.

— Mwingi huu, mama. Utatutosha.

— Wako uko wapi?

— Sijajipakulia.

Tamia alilivuta bakuli kwake kwa mikono miwili, akalizungushia mkono kama ukuta. Akachota kijiko kilichojaa, akakitia mdomoni, macho hayabanduki kwenye kijiko cha babu yake. Akachota cha pili. Cha tatu. Baada ya cha sita aliokota kipande kimoja cha ndizi kwa vidole, akakiweka mezani mbele ya mzee.

— Chako hicho.

Chuma akakila kidogo kidogo, kisije kikaisha kabla ya uji wa mtoto.