Kopo Chini ya Benchi

Benchi letu liko mkabala na geti dogo la hospitali, lile la upande wa maabara, ubao mmoja mrefu juu ya matofali. Mwisho wa kushoto anakaa Shangazi Birika na jiko lake la mkaa na vikombe vyake sita, anavyovisuuza kwa maji ya ndoo ileile tangu asubuhi. Mwisho wa kulia ni wa Redio, fundi redio ambaye siku hizi haletewi redio, amebaki kutusomea magazeti. Katikati hukaa Magugu, mtunza bustani wa hospitali, kazi yake kupulizia dawa majani yanayoota kati ya mawe ya njia, na majani hayo yanamshinda mchana kweupe, watu wote wanaona. Mimi kwa kawaida sikai, nafanya kazi duka la kutoa nakala hapo nyuma, nachukua kikombe narudi kwenye mashine, lakini siku ile nilikaa, kwa sababu walitutoa wodini, madaktari wanapita, kila kitanda abaki mtu mmoja, na kwa mwanangu alibaki mama yangu. Mwanangu ana miezi kumi na moja. Ilikuwa siku ya nne homa haishuki, dripu mkononi, na damu waliyomtoa ilikuwa mle maabara, dirisha la pili, wanaotesha vijidudu vyake kwenye visahani wajue dawa ipi itaviua. Majibu walisema leo mchana. Mchana ulikuwa umeshafika.

– Bosi anaendeleaje? akaniuliza Shangazi.

Bosi ndiye mwanangu, wamempa jina hilo kwa vile akikalishwa kwenye benchi huwatazama watu kama anayetafuta wa kumfukuza kazi.

– Yuko vilevile, Shangazi.

– Vilevile si vibaya. Kunywa hiki kingali moto.

Sukari ya Shangazi siku ile ilikuja imefungwa kwenye ukurasa wa gazeti, na Redio hawezi kuona karatasi yenye maandishi akaiacha. Aliimimina sukari kwenye bakuli, akaikung'uta ile karatasi, akavaa miwani yake yenye mguu mmoja.

– “Watafiti wabaini,” akasoma. Jamani, watafiti wakishabaini jambo mjue sisi tumekwisha.

– Wamebaini nini tena? Magugu akauliza bila kuinua kichwa.

– Kwamba kila chenye uhai kinajifunza. Wanasema mbu waliotuzoea chini ya chandarua sasa wanauma mapema, kabla hujapanda kitandani. Kuna mimea imejizoeza kuota kwenye udongo wa chumvi. Ukungu nao unajizoeza joto, ukishazoea joto la nje unaingia mwilini kama umealikwa. Na vijidudu vya maradhi vinajifunza dawa.

– Vinajifunza shule gani? akasema Shangazi. Mbona sisi tuna shule na hatujifunzi.

– Humu humu, Shangazi. Matumboni mwetu. Hapa wameandika, kimoja kikiijua dawa kinampa siri mwenzake, hata kama si wa ukoo mmoja.

– Kama wapangaji wa nyumba moja.

– Ndiyo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

– Hiyo ni ya mtoto, Redio. Hao ni vijidudu.

– Kwani wao hawana mama?

Niliangalia dirisha la pili, kulikuwa na mtu amevaa koti jeupe ameinama, sikumwona uso, nikajiambia akiinuka ndiyo majibu, akainuka, akainama tena.

– Mimi nitawaambia jambo ambalo gazeti linaogopa kuliandika, Redio akaendelea, na akijisogeza mbele namna ile ujue ukurasa umekwisha na sasa anasoma kichwani mwake. Hivi vijidudu vinasikia. Daktari anasimama kitandani anatamka jina la dawa kwa sauti, mgonjwa anasikia na cha ndani nacho kinasikia. Dawa inafika, imeshatangulia kujulikana. Zamani madaktari waliandika mwandiko usiosomeka, mnadhani kwa nini? Ilikuwa siri ya vita.

– Wewe nawe, akasema Magugu.

– Ukiona vyaelea vimeundwa, Magugu.

– Hiyo ni ya vyombo.

– Na ugonjwa si chombo? Hausafiri?

Shangazi aliifunika birika kwa kitambaa. Yeye humpinga Redio kwa kuongeza chumvi yake.

– Masikio havina, ila macho vinayo, akasema. Kidonge kilekile kila siku, rangi ileile, vinakizoea kama unavyomzoea mume. Dawa yake ni kuvichanganya. Leo cheupe, kesho cha manjano. Vitajuaje kesho kinakuja kipi? Ndiyo maana kopo langu linatibu watu kuliko hilo jengo.

Hapo nilitupa jicho chini ya benchi, maana nilikuwa nimekuja kwa ajili ya kopo, si kwa ajili ya kahawa, na tangu nikae sikuwa nimethubutu kulitaja. Lipo chini ya benchi, kopo la maziwa ya unga, na kila mtu wa mtaa huu analijua. Ukipata nafuu na vidonge vimekubakia unamletea Shangazi, kitu cha kumeza hakitupwi. Mwingine akikohoa, akiumwa jino, akitoka jipu, anachukua viwili vitatu, naye akipona analeta vyake. Shangazi huvibandua vyote kwenye karatasi zake kwa sababu karatasi zinajaza kopo. Ni wema, mtu asije akasema si wema. Miaka yote nimeona watu wanapona hapo.

– Kuvichanganya, akasema Magugu polepole. Mimi sijui habari za masikio wala macho. Mimi najua majani yangu.

– Haya, mkulima kaamka, akasema Redio.

– Chupa ya dawa ya majani imeandikwa kifuniko kimoja kwa bomba moja la kupulizia. Mimi nilikuwa naweka nusu. Nikiweka kizima, chupa inaisha katikati ya mwezi, na mkubwa wangu ananiuliza naipeleka wapi. Kwa hiyo nusu. Mwaka wa kwanza yakafa vizuri tu, njia ikawa safi, nikasifiwa. Yakabaki manne matano pale kwenye mfereji, yamenyauka nusu, nusu mabichi. Nikasema haya si kitu. Yale manne yakatoa mbegu.

Alinyoosha kidole kwenye njia ya mawe ndani ya geti. Ilikuwa kijani mwanzo hadi mwisho.

– Haya yote ni watoto wa yale manne. Sasa naweka kifuniko kizima, naweka viwili, yananiangalia. Hakuna jani lililosoma wala lililosikia. Ni mimi niliyeyaua manyonge, nikayaacha magumu yazaane kwa nafasi.

– Mchelea mwana kulia hulia yeye, akasema Redio. Uliyaonea huruma.

– Sikuyaonea huruma. Nilipunguza dawa.

Redio alikuwa amekosea kuitumia methali ile, anazikosea zote, lakini mimi ilinipiga usoni. Kwa sababu mtoto wangu alilia. Wiki tatu zilizopita alipata homa na kuharisha, nikapita hapa asubuhi naenda kazini, Shangazi akasema chukua, mwanangu, nikachukua vidonge vyeupe sita, nikawa nakivunja kimoja nusu, nakisaga kwa kijiko, naweka sukari. Siku ya kwanza alimeza. Siku ya pili alitema nusu. Siku ya tatu alilia mpaka sauti ikamkauka, na homa ilikuwa imeshashuka, nikasema basi, amepona, namtesa bure. Baada ya siku tisa ikarudi, nikatafuta vile vilivyobaki, nikampa tena nusu nusu, ikashuka kidogo, nikaacha. Iliporudi mara ya tatu haikushuka tena. Na siku ile tunapokewa nesi aliniuliza, huyu mtoto amewahi kumeza dawa yoyote nyumbani, na mama aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alikuwa ametoka kugombezwa mbele ya watu wote kwa swali hilohilo, na mimi nikasema hapana. Nikamwona anaandika. Hapana. Herufi sita tu, zikaingia kwenye faili, na kila daktari aliyekuja alizisoma.

– Kaka Magugu, nikasema, na sauti ilitoka ndogo, sasa yakishazoea hivyo unayauaje?

– Nang'oa kwa mkono.

– Na kama hayang'oleki? Kama yako ndani?

Alinitazama. Nadhani ndipo alipokumbuka niko pale kwa nini, maana aliweka kikombe chini kwa uangalifu kama mtu anayekiweka karibu na aliyelala.

– Si kila dawa imeshindwa, dada yangu. Ziko za aina nyingine. Muhimu ujue yamezoea ipi, ili usiende kuyapelekea dawa iliyo ndugu yake. Mwenye kumbukumbu ya alichopulizia hapotezi msimu.

– Na asiye na kumbukumbu?

– Huyo anabahatisha.

– Acheni kumtisha mtoto wa watu, akasema Shangazi. Mwanangu, Bosi ni mgumu. Amekaa hapa kwenye baridi bila kofia, hajawahi hata kupiga chafya. Na kama dawa zao zimegoma hapo ndani, mimi nipo, kopo lipo.

– Shangazi, nikaanza.

Sikumaliza. Geti dogo lililia, akatoka msichana wa koti jeupe, kijana kama mimi, glavu moja mkononi na nyingine ameishika. Watu wa maabara hawajawahi kuvuka kuja kwenye benchi letu, kahawa humtuma mtu. Alisimama mbele yetu akatusoma nyuso.

– Mama wa mtoto wa kitanda cha tisa ni nani? Bibi yake amesema yuko hapa.

– Ni mimi.

Nilisimama, nikakaa tena. Alichuchumaa ili uso wake uwe sawa na wangu, na wema huo ulinitisha kuliko kama angenifokea.

– Vijidudu vimeota, akasema. Dawa mbili tunazompa haviziogopi. Vinakua juu yake kama hakuna kitu. Tumeweka na nyingine za kujaribu, ila majibu yake ni kesho, na daktari hataki kumsubirisha mpaka kesho, anataka kumbadilishia saa hii hii. Kuna mbili za kuchagua. Moja inafanana na zile za mwanzo. Nyingine ni kali, figo za mtoto mdogo hatuzichezei kama hakuna lazima. Sasa, faili linasema hajawahi kupewa kitu nyumbani. Vijidudu vinasema amepewa. Vimeshakutana na dawa hivi, tena zaidi ya mara moja.

Redio alivua miwani.

– Nilimpa, nikasema, nilimpa mimi, nusu kidonge, siku mbili na robo, halafu nikaacha, halafu nikampa tena, nilimwambia nesi hapana kwa sababu niliogopa, alikuwa amemgombeza mwenzangu, nilidhani ni vidonge tu, dada, nilidhani kila kidonge ni kidonge, usimwambie mama yangu, hapana, mwambie, mwambie yeyote, ila msiniache nibaki na ile hapana.

– Sawa, akasema. Umesema, imetosha. Ilikuwa dawa gani? Ikiwa ni ndugu ya ile isiyo kali, basi hiyo haitamsaidia.

Nilimtazama Shangazi. Naye alikuwa ameshainama chini ya benchi, amelitoa kopo, amelikumbatia tumboni.

– Zimetoka humu, akasema. Mimi ndiye niliyempa, kwa nia njema.

– Majina yake?

– Karatasi huwa nazitupa.

Msichana alitandika ule ukurasa wa gazeti kwenye benchi, palepale kati ya vikombe, akamimina. Vilitoka vidonge vingi kuliko nilivyowahi kufikiri, vya manjano vichache, kapsuli mbili tatu zilizogandana kwa mvuke wa kahawa, na vilivyobaki vyote vyeupe, vya duara.

– Chako kilikuwaje?

– Cheupe. Kina mstari katikati, ndiyo maana nilikivunja kirahisi.

Akaanza kuvitenga kwa kidole chenye glavu. Vyenye mstari vilifika ishirini na kitu, na havikuwa vya namna moja, ukitazama vizuri vingine vilikuwa vinene kidogo, vingine vina poda.

– Vyenye mstari ni vyangu, akasema Redio. Vya jino. Nilivileta mwaka jana.

– Vyangu pia vilikuwa na mstari, akasema Magugu. Vya mguu nilipochomwa na msumari.

– Jina lake?

Redio, aliyekuwa na jibu la mbu na la ukungu na la masikio ya vijidudu, alikigeuza kidonge kimoja akitafuta maandishi ya kusoma. Magugu alitikisa kichwa. Shangazi alisema vingine aliviacha dereva mmoja aliyehama, vingine mama mmoja, vingine hakumbuki, akaanza kufuta benchi kwa kitambaa mahali ambapo hapakuwa na uchafu.

Msichana aliokota kimoja akakiweka kwenye kiganja changu, kisha cha pili kando yake, kisha cha tatu. Hakuwa amekasirika. Alisema taratibu, kama mtu anayemwonyesha mtoto picha.

– Jaribu kukumbuka, mama. Ni kipi?

Niliviangalia. Nilivisogeza karibu na macho. Nilifunga macho nikajaribu kukumbuka kijiko, sukari, ule ulimi wake mdogo unavyosukuma nje, na kila nilichokumbuka kilikuwa cheupe.

Alikunja gazeti na vidonge vyote ndani, akasimama, akasema nifuate, utamweleza daktari mwenyewe. Nikamfuata. Njia ya mawe ndani ya geti ilikuwa bado imelowa dawa ya asubuhi, na majani ya Magugu yalikuwa yamesimama pande zote mbili, yanang'aa, hakuna hata moja lililoinama.