Vigae Vitatu vya Radoje

Benchi lililo mbele ya duka la ushirika lina kibao cha halmashauri kinachokataza watu zaidi ya wanne kulikalia kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hukaliwa na watatu, na nafasi ya nne ni ya birika la shaba la kahawa, ambalo hadi leo halijapigwa faini. Vitomir huitwa Waziri kwa kuwa alikuwa bawabu wa halmashauri miaka thelathini. Obrad huitwa Daktari kwa kuwa aliwahi kumchoma ng'ombe sindano, na ng'ombe akapona. Wa tatu, Radoje, hakuwa na jina la utani mpaka asubuhi ile ya mkesha wa Mtakatifu Luka, alipofika amekumbatia mkate, akaubwaga kwenye benchi, ukalia ko!

— Wa tatu huu! Wa tatu tangu jana!

Waziri aliugonga kwa kijiko, akasikiliza.

— Karibu kiti, Bwana Kigae.

Radoje hakucheka. Kesho ilikuwa slava, siku ya mtakatifu wa ukoo wao, na mkate wa slava wa nyumba yake ulikuwa umeokwa na mkewe Milunka miaka arobaini na mmoja mfululizo. Milunka walimzika Machi. Na juzi Stamena, mke wa mdogo wake Radoje, alimwambia mbele ya watu kwamba padri akikuta meza haina mkate, basi kuanzia mwaka huu mshumaa wa ukoo utawashwa kwake, na mkate wa dukani anao tayari.

— Wa dukani! Ndani ya nailoni! Marehemu baba atafufuka anichape!

— Kwani unga umetoa wapi? — aliuliza Daktari.

— Nimesaga mwenyewe. Ngano aliyoiacha Milunka darini. Yeye alikuwa akisagisha kwenye kinu cha mtoni, sasa si wamekifunga?

— Kilifungwa kihalali, — alisema Waziri. — Mawe yake hayakuwa na cheti. Yaliandikiwa barua mara mbili, hayakujibu.

— Mawe ya miaka mia mbili!

— Ndiyo hapo sasa. Cheti ni cha miaka mitano tu.

Radoje alikunja ngumi.

— Nikanunua kimashine cha mezani. Kinanguruma kama trekta, lakini unga unatoka mzuri, una joto, unanukia shamba. Nikafuata vipimo vilivyo nyuma ya pakiti ya unga wa dukani, neno kwa neno. Nikakanda papo hapo, nikaumua, nikautia kwenye oveni. Kigae!

— Ni joto la unga hilo, — alisema Daktari. — Unga wa moto ni kama ndama mwenye homa, haukui. Samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki katokea wapi? Mimi nasema mkate!

— Mithali haibagui.

— Mimi nasema ni maji, — Waziri alidakia. — Tangu waweke bomba jipya, hata supu yangu haiumuki.

— Supu inaumuka?

— Zamani ilikuwa inaumuka.

— Acheni utoto! — Daktari alinyoosha kidole kilimani. — Ni zile antena. Mawimbi yanashuka, mkate unapanda. Vinakutana wapi? Kwenye oveni ya Radoje! Na ziliwekwa mwaka gani? Uleule kinu kilipofungwa. Mtaka cha uvunguni sharti ainame!

— Ainame nani?

— Mkate. Si unauona umeshainama?

Radoje aliruka akasimama, kahawa ikamwagika.

— Mnanifanya mchezo! Saa nne kesho padri yuko mlangoni kwangu! Nimwambie nini, antena?

Hapo ndipo alipotokea msichana mmoja aliyevaa koti la shirika la umeme, daftari mkononi.

— Shikamooni, wazee. Mita ya duka hili iko wapi?

— Binti, duka limefungwa mwaka wa sita huu.

— Najua. Lakini mita bado inatakiwa isomwe.

Waziri alitikisa kichwa kwa heshima, hilo alilielewa. Msichana akautazama mkate, akaambiwa kisa chote, pamoja na antena. Akamgeukia Radoje.

— Sasa baba, mama alipokuwa anaukanda, ulimwona anafanyaje?

Daktari alitazama viatu vyake. Kila mkesha wa slava wanaume walifukuzwa jikoni alfajiri, na hakuna aliyewahi kulalamika.

— Tulikuwa hapa, — alisema Waziri.

— Miaka yote?

— Arobaini na mmoja.

Radoje alikaa. Mara moja tu, mwaka mmoja wa nyuma, alirudi nyumbani, alikuwa amesahau kofia. Alimkuta Milunka amekaa, mikono mapajani, na donge bichi liko kwenye beseni, limefunikwa kitambaa. Mbona umekaa? alimwuliza. Nasubiri unga unywe maji, alisema Milunka. Huu uliosagwa leo una kiu kuliko wa dukani, ila hunywa taratibu. Radoje akaja mbio hapa benchini kutangaza kwamba mkewe ana unga mlevi, wakacheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo, kila mwaka, mtu lazima aulize: vipi, umeshalewa?

— Unga mlevi, — Waziri alinong'ona.

— Nyamaza! — alifoka Radoje. — Alikaa muda gani? Nani anajua? Aliniambia, nami nikaja kuwachekesha nyinyi!

Alikwapua kigae chake, akaondoka.

— Kahawa yako inapoa!

— Mpe huyo binti! Kibao kinaruhusu!

Nyumbani alisaga upya. Alitia maji mengi kuliko ilivyosema pakiti, akachanganya, akaongeza tena, akaufunika kwa kitambaa cha Milunka. Kisha akavuta kiti, akaweka mikono mapajani. Hasira ilikuwa palepale. Akakaa nayo, akisubiri unga unywe.